Ukelele Uliomezwa

Aliyenieleza habari hii kwanza ni wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, siku ya Ijumaa alasiri, akiwa amekaa kwenye kigoda jikoni kwangu akinisaidia kuchambua mchele. Alikuja na binti yake wa miaka minne, ambaye sote tunamwita Kasuku kwa sababu tangu ajue kusema hajapumzika. Mwanangu, wa miezi saba, alikuwa amelala chumbani. Nilimwambia wifi, kwa majivuno kidogo, kwamba mtoto wangu ametulia ajabu, siku ya pili hiyo hajalia hata mara moja.

Wifi aliacha kuchambua. Alimtazama Kasuku, aliyekuwa mlangoni akimgombeza paka kwa kulalia kiatu chake.

"Mimi sitaki tena kusikia habari za mtoto aliyetulia," akasema. "Kelele zake hizi, acha anitoboe masikio. Niulize kwa nini."

Sikumwuliza, maana mimi si mtu wa maswali. Akanieleza hivyo hivyo.

Kaka yangu anatengeneza redio na simu, lakini moyo wake hauko kwenye redio wala simu. Uko kwenye treni. Kuna kichwa kimoja cha treni ya mvuke, cheusi, kilichokaa miaka arobaini kikiliwa na kutu nyuma ya karakana ya reli, mpaka mafundi wakishirikiana na chama cha wapenzi wa treni wakakifufua. Sasa kila baada ya wiki mbili hukokota mabehewa manne kupanda mlimani, na wanachama huenda nacho wakiwa na kamera zao na chupa zao za chai, wakishindana nani atapata picha nzuri na nani atanasa mlio mzuri.

Wana desturi yao. Treni ikifika kwenye kona iliyo chini ya handaki, inasimama, watu wote wanashuka na kujipanga nyuma ya kamba iliyofungwa kando ya reli. Kisha treni inapita mbele yao mara mbili. Mara ya kwanza inapanda ikitoa moshi mzito mpaka inaingia handakini. Mara ya pili inarudi kinyumenyume, mvuke umefungwa, inateremka kwa uzito wake tu, na wao wanapenda sana kunasa ule mlio mdogo wa magurudumu peke yake. Mwenyekiti wa chama, mzee mrefu aliyewahi kuwa mwalimu mkuu, huvaa kofia nyekundu. Akiivua na kuiinua juu, hakuna anayesema wala kukohoa, maana sauti moja inaharibu kazi ya watu ishirini na watatu. Akiishusha, ndipo watu wanapumua.

Miaka mitatu iliyopita, kofia ikiwa juu, kaka alipiga chafya. Moja tu. Tangu siku hiyo hakuna mwanachama aliyemwita kwa jina lake. Anaitwa Chafya. Hata tulipomzika baba, walikuja wote kwenye mazishi na nguo nzuri, wakampa mkono mmoja mmoja: "Pole sana, Chafya."

Basi safari moja Mwenyekiti alimwambia kwamba amesamehewa. Akamkabidhi kinasa sauti cha chama, kidogo kama kipande cha sabuni, akamwambia asimame mwisho kabisa wa kamba, mahali pazuri kuliko pote, karibu na handaki. Kaka alipiga pasi shati la kwenda kushika kinasa sauti. Wifi alimcheka asubuhi hiyo, akamwuliza kama anakwenda kuoa.

Jioni alirudi na shati lile lile, akaenda moja kwa moja kunawa mikono. Alipoulizwa alisema kuna mtu amekufa huko mlimani, mfunga mabehewa, yule mwembamba waliyemwita Pini. Aliteleza akaingia chini ya behewa. Alikuwa amelewa.

"Pini hanywi," wifi akasema. "Mkewe nashona naye kila Jumanne. Huyo mtu hata dawa ya kikohozi alikuwa anainusa kwanza."

"Ndivyo walivyoandika."

"Na wewe umeandika nini?"

"Nimetia sahihi," akasema kaka, akaenda kulala bila kula.

Kesho yake ndipo jambo dogo la kwanza lilipotokea. Wifi ana birika linalopiga filimbi maji yakichemka. Asubuhi hiyo alisubiri filimbi mpaka akasahau, na alipogeuka akakuta mvuke umejaa jikoni, maji yamekauka nusu, na birika linatikisika juu ya moto bila mlio wowote. Alidhani limeharibika. Mchana saa ya ukutani ikanyamaza, ingawa mshale ulikuwa unatembea. Siku iliyofuata mlango wa uani, ambao tangu wahamie pale ulikuwa ukilia kama mbuzi, ukafunguka kimya. Kijiko kilianguka sakafuni wifi akikiona, kikarukaruka, kikatulia, naye hakusikia kitu. Akadhani masikio yake ndiyo mabovu. Alipotoka nje alisikia kila kitu, kengele za baiskeli, majirani, mbwa. Akirudi ndani, nyumba ilikuwa imefumba mdomo.

Halafu harufu. Ilikuwa harufu ya moshi wa makaa ya mawe na ya chuma kilicholowa, na ilitoka kwenye kabati la chumbani ambako kaka alikuwa ameweka mfuko wake wa vifaa. Wifi alifua nguo zote za kabatini. Harufu ikabaki.

Na katika nyumba hiyo isiyo na sauti, siku ya nne, adhuhuri, jua likiwa kali uani na nguo zikikauka kwenye kamba, ikaja sauti moja. Mtu alikuwa anatembea juu ya kokoto. Sakafu ya nyumba ile ni saruji tupu, imesuguliwa inang'aa, lakini hatua zilikuja kutoka sebuleni, zikapita ukumbini taratibu kama za mtu aliyeinama anayetafuta kitu alichokidondosha, kokoto zikisagika chini ya viatu vizito, zikampita wifi akiwa amesimama na ndoo mkononi, zikaingia chumbani na kusimama mbele ya kabati. Hakuona mtu. Aliona tu pazia la mlango likisogea kumpisha aliyepita.

Alimwambia mumewe jioni, kwa kunong'ona, maana tayari alikuwa anaogopa kusema kwa nguvu ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Ni panya," kaka akasema.

"Panya wanaovaa buti?"

Kaka akainama kufungua viatu. Wifi alisema hapo ndipo alipoanza kumkasirikia, maana aliona wazi kwamba mwanamume yule naye alikuwa amezisikia zile hatua, pengine kabla yake, na alikuwa amechagua kunyamaza.

Baada ya hapo kimya kile kikamfikia Kasuku.

Kwanza mtoto alipoteza kupiga kelele. Alikuwa akimwita mama yake kutoka uani, na sauti ilitoka ndogo, kama ya mtu aliye ng'ambo ya ukuta. Siku ya pili alipoteza kicheko. Mabega yalitikisika, meno yakaonekana, lakini kicheko hakikuwapo. Siku ya tatu maneno yakaisha. Alikaa mezani akisimulia habari ndefu ya paka na kiatu, mikono ikienda huku na huku kama kawaida yake, midomo ikienda mbio, na hakuna kilichosikika, naye hakujua kwamba hasikiki. Alikasirika kwa nini hakuna anayemjibu.

Walimpeleka hospitali. Daktari alimwangalia koo kwa tochi, akaona ni zima, akasema mtoto pengine ameshtuka, ataongea akitaka.

Kesho yake wifi alikuwa uani anafua, amelipa mgongo pipa la maji, hatua mbili tu kutoka alipokuwa, na aliniapia kwamba alikuwa akisikiliza, kwamba tangu mtoto anyamaze alikuwa akisikiliza mpaka masikio yanauma, na hakusikia maji kuruka, wala pipa kutikisika, wala mkono mdogo uliokuwa ukipiga bati la pipa kwa ndani, ila alisikia hatua kwenye kokoto zikija kwa kasi nyuma yake, zikakimbia, zikasimama ghafla, na harufu ya makaa ikamjaa puani, na kwa hofu ya hatua zile, wala si kwa kumhofia mtoto, akageuka, akaona miguu miwili ya Kasuku imesimama juu ya ukingo wa pipa kama miguu ya bata.

Alimtoa. Mtoto alitapika maji, akafungua kinywa mpaka mwisho, akalia kwa mwili wote, mishipa ya shingo imesimama, na uani palikuwa kimya.

Kaka alipofika nyumbani wifi alikuwa amekaa mlangoni na mtoto mapajani. Hakumpisha apite.

"Kaa chini hapo nje," akamwambia. "Leo utasema."

"Mama Kasuku, nimechoka."

"Mwanao amezama nikiwa hatua mbili, na kinywa kiko wazi ananiita. Nimesema kaa chini."

Kaka akakaa kwenye ngazi. Akasema akitazama viatu vyake, na wifi ilimbidi amsogelee ili amsikie.

Siku ile treni ilikuwa imepita mara ya kwanza, imeingia handakini na moshi wake wote. Wakati inasubiri kurudi, Pini alivuka kamba akaenda relini. Treni iliposimama mwanzo kwenye mteremko ule, alikuwa ameweka kabari chini ya gurudumu isiteleze, na baadaye akaisahau kati ya reli. Alikwenda kuiokota. Masikio ya Pini yalikuwa yameharibika kwa kelele za karakana, kila mtu alijua, ukitaka kumwita ilikuwa lazima upaze sauti. Kwa kawaida gadi husimama nyuma ya behewa la mwisho na bendera treni ikirudi kinyumenyume. Mwenyekiti alikuwa amemwomba gadi ashuke, kwa sababu fulana yake ya manjano ilikuwa inaharibu picha, haifanani na zamani.

Kofia nyekundu ikapanda juu. Mabehewa yakatoka handakini polepole, bila mvuke wala honi. Pini alikuwa ameinama, ameyapa mgongo, anagongagonga kabari iliyong'ang'ania kwenye taruma, ubao unaoshikilia reli.

"Ilikuwa mbali kiasi gani?" wifi akauliza.

"Hatua thelathini."

"Na inakwenda?"

"Kama mtu anayetembea."

"Kwa hiyo mngeweza kumwita."

"Mara kumi," kaka akasema. "Mara kumi, mama Kasuku. Nilikuwa karibu kuliko wote. Nilivuta pumzi. Mwenyekiti alikuwa nyuma yangu, akaniambia sikioni, nyamaza, Chafya, usiharibu. Nikaitazama kofia. Ilikuwa juu. Nikafikiri kuna mwingine atasema. Kila mmoja alifikiri kuna mwingine atasema."

Wifi alisema hakulia wala kupiga kelele. Alimwuliza jambo moja tu.

"Kisha mkaandika kwamba alikuwa amelewa."

"Mwenyekiti ndiye aliyeandika. Tukakubaliana kila mtu akate kipande kile kwenye kamera yake. Mimi sikukata. Niliambiwa nikate, nikashindwa kukisikiliza. Kimo bado, kabatini."

Kaka alidhani kusema kungetosha. Walipoingia ndani, kijiko kilianguka na hakikulia.

Asubuhi walimpeleka mtoto kwa mama mmoja anayetibu mambo haya, mwenye chumba nyuma ya duka la vyombo. Ni mwanamke mfupi, mkali, miwani yake imefungwa kwa uzi, na wifi anasema aliwapokea kama watu waliochelewa zamu. Alifukiza ubani. Moshi haukupanda. Ulitambaa mezani, ukamwacha mtoto, ukamwacha mama, ukaenda kusimama mbele ya mdomo wa kaka kama unangoja mlango ufunguliwe.

"Sema ulichomeza," mama yule akasema.

Kaka akasema tena yote. Mama yule alipomaliza kusikia, alivua miwani akaifuta muda mrefu.

"Lile handaki lina mwenyewe," akasema. "Alikuwapo kabla ya reli. Treni haimsumbui. Anakula mwangwi, honi, vicheko, watu wakiitana. Siku ile watu ishirini na watatu walimnyima kilicho chake, ukelele wa kumwokoa mtu. Na aliyekufa akamkimbilia akamshitakia. Sasa mnao wawili, mwenye njaa na mwenye hasira, wamepanda kwenye hicho chombo wakaja nawe nyumbani."

"Wafukuze, mama," wifi akasema.

"Niwafukuzie nini? Wanadai haki yao. Ningekuwa mimi ningevunja na vyombo." Akamgeukia kaka. "Wewe bwana. Chukua hicho chombo, kipeleke mbele ya watu wale wale, kofia yenu ikiwa juu, wasikie. Halafu upige ule ukelele. Si mwingine, ule ule. Ukikitupa, mwenye njaa atamfuata atakayekiokota. Ukikificha, atakaa pale ulipokificha, atakula sauti ya aliye mdogo kwanza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Watu kama wewe huwa wananielewa sana," akasema mama yule, akafungua mlango watoke.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Jioni ile ile kaka alitoka na mfuko wake, akasema anakwenda kwa Mwenyekiti, atawakusanya wote kwenye jukwaa la stesheni. Alirudi baada ya saa mbili, macho mekundu, akasema, "Nimefanya." Na kabla hajavua viatu, birika jikoni likapiga filimbi. Kasuku akakaa kitandani akauliza kwa nini hakuna mtu aliyemjibu kuhusu paka. Aliuliza mpaka saa tano, na wifi akamjibu kila swali.

"Kwa hiyo yamekwisha," wifi akaniambia, akirudisha mkono kwenye mchele. "Nimemkasirikia, na nitamkasirikia mpaka nizeeke. Lakini hilo moja alilifanya. Alisimama mbele yao akapiga ukelele. Sikulitegemea kwake."

Nilikuwa nimeshika ungo. Sikumbuki niliuweka wapi.

Jumatano jioni, jua likizama, kaka alikuja kwangu. Mume wangu alikuwa safarini kikazi, nami nilikuwa nanyonyesha. Alisimama mlangoni bila kuingia, akanipa mfuko wake wa turubai. "Niwekee huu, mdogo wangu," akasema. "Ni vifaa vya kazi. Usifungue." Alimtazama mtoto kifuani kwangu. Nilimwona akimtazama. Kisha akaondoka. Mimi si mtu wa maswali, na yeye analijua hilo tangu tukiwa wadogo. Niliuweka mfuko kabatini, chini ya nguo za mtoto.

Alikuwa na mahali pengi pa kuuweka. Alichagua kwangu kwa sababu ndiko hakuna anayeuliza.

Nilikimbia chumbani, nikasikia harufu ya makaa kabla sijafika, na sijui niliwezaje kuishi nayo siku mbili nikidhani ni jirani anachoma taka, na niliona kwamba mwanangu hakuwa amelala hata kidogo, alikuwa ameteleza kati ya kitanda na ukuta, mguu umebanwa umegeuka rangi, uso umevimba, macho yananitazama, na kinywa kiko wazi, kiko wazi mpaka mwisho, analia kwa nguvu zake zote, pengine tangu wifi alipoketi, na kwenye sakafu ya saruji, kati yangu na yeye, kokoto zilisagika mara moja, kama mtu aliyepiga hatua pembeni kunipisha.

Wifi alisimama mlangoni kwangu. Aliniona ninamtoa mtoto. Aliliona kabati. Nilitoa nguo za mtoto, nikatoa mfuko, nikaufungua. Kilikuwamo, kidogo kama kipande cha sabuni, na kilikuwa cha moto.

Wifi hakuuliza. Alikaa chini pale pale mlangoni, akasema jina ambalo hajawahi kumwita mumewe hata kwa utani.

"Chafya," akasema.

Usiku ule nilikaa na mwanangu kifuani, taa inawaka, mkono wangu juu ya mbavu zake nijue anapolia. Nilifikiri kwenda kukiacha kinasa sauti kile mlangoni kwa kaka. Lakini mle ndani yumo Kasuku. Nilifikiri kukitupa mtoni, nikamfikiria mtu atakayekiokota. Kila mahali nilipofikiria palikuwa na mtoto. Na kadiri nilivyofikiri ndivyo hofu ilivyopungua na hasira ikapanda, mpaka nikaona kwamba mimi na yule anayetembea ukumbini tulikuwa tunamkasirikia mtu mmoja.

Asubuhi, Jumamosi, nilimfunga mwanangu mgongoni, nikaenda, kwa maelekezo ya wifi, kubisha hodi kwa mke wa Pini, ambaye sikuwahi kumjua. Alitoka na sindano mkononi, mtu mzima mpole. Sijui kuzungumza na watu nisiowazoea. Nilimwambia tu, "Mama, mume wako hakuwa amelewa. Sauti ya siku ile ninayo hapa." Nikamwekea kinasa sauti mkononi. Hakuniuliza mimi ni nani. Alivaa viatu.

Ilikuwa siku ya safari yao. Treni ilikuwa imesimama stesheni, nyeusi, inapumua, na wao walikuwa wamejipanga nyuma ya kamba yao kwenye jukwaa kunasa mlio wa kuondoka. Kaka yangu alikuwamo. Aliponiona nimesimama na mwanamke yule, alitazama viatu vyake. Mwenyekiti alivua kofia nyekundu, akaiinua. Jukwaa zima likawa kimya kabisa.

Mke wa Pini akabonyeza.

Kile chombo kina spika ndogo kama shilingi, lakini kimya chao kilikuwa kizuri sana, kila mtu alisikia. Magurudumu yanakuja polepole. Chuma kikigonga chuma, kabari na taruma. Mtu akivuta pumzi ya kusema. Kisha mnong'ono wa Mwenyekiti mwenyewe, "Nyamaza, Chafya. Usiharibu." Kisha magurudumu, magurudumu, kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kuandika.

Nilimtazama kaka yangu nikimngoja. Akavuta pumzi. Kofia ilikuwa juu. Akanyamaza.

Basi nikapiga mimi. Mimi ambaye shuleni nilikuwa naandika jibu kwenye daftari ili mwalimu asinisimamishe. "Pini," nikapiga ukelele, "Pini, toka relini, inakuja." Paa la stesheni likaurudisha, nikapiga tena, likaurudisha tena, na nyuma yangu, kwenye jukwaa la saruji, nikasikia hatua juu ya kokoto zikiniacha. Zilikwenda kwao. Hazikwenda haraka.

Ndipo mwanangu akalia. Alilia yote ya siku tatu, ya njaa, ya mguu, ya giza kati ya kitanda na ukuta, kilio cha kumpasua mtu kichwa. Mwenyekiti alinigeukia, kofia bado mkononi juu, akanionyesha mtoto kwa kidole, akafungua kinywa kuniamuru nimnyamazishe. Midomo yake ilikwenda. Shingo yake ilisimama mishipa. Hakuna kilichotoka. Wa pili yake akafungua kinywa, na wa tatu, na kaka yangu.

Nilimfungua mwanangu mgongoni, nikamshika mbele yao ili wamwone vizuri, nikamwacha alie.